Hofu ya maji tunayowarithisha watoto, na jinsi nilivyoivua yangu

Nilikuwa nimesimama ufukweni Dar es Salaam, maji yakinifika kwenye vifundo vya miguu, pale mpwa wangu wa miaka saba aliponipita na kutangulia hatua nne mbele. Maji yalimfika magotini. Alikuwa anacheka. Nikapiga kelele ambayo watu waliokuwa karibu waligeuka kuona kumetokea nini.

“Rudi! Rudi hapa sasa hivi!”

Alirudi mbio, uso umembadilika. Akanishika mkono na kuniuliza, “Mama mdogo, kuna nini humo ndani?”

Sikuwa na jibu. Bahari ilikuwa imekupwa, maji yametulia, na watoto wengine walikuwa mbele yake wakirushiana maji. Humo ndani hakukuwa na kitu. Kilichokuwepo ni hofu yangu, na kwa kelele moja tu nilikuwa nimeitoa kwangu na kumpa yeye. Siku mbili zilizobaki za likizo hakukanyaga tena maji. Alijenga nyumba za mchanga akiwa ameipa bahari mgongo.

Tuliporudi Singida, dada yangu alinipigia simu usiku. “Umemfanya nini mtoto? Siku hizi hataki hata kumwagiwa maji kichwani akioga.”

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika kuhusu chanjo, lishe na malaria, nikiwaeleza wazazi jinsi ya kuwakinga watoto. Usiku ule niligundua kuna jambo moja la usalama wa mtoto ambalo sikuwahi kuliandika, kwa sababu mimi mwenyewe lilikuwa limenishinda.

Mji wa maziwa mawili

Nimezaliwa Singida mjini, karibu kilomita 700 kwa barabara kutoka baharini. Lakini sisi si watu tusioyajua maji. Mji wetu umekaa kati ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, yenye mawe makubwa kandokando. Kule Iramba kuna Ziwa Kitangiri na wavuvi wake. Wageni huja Singidani kupiga picha jua linapozama na kutazama ndege. Sisi watoto wa hapa tulilitazama ziwa kama tulivyotazama nguzo ya umeme. Hakuna aliyetuambia ni zuri. Tuliambiwa linaua.

Nilizaliwa mwaka mmoja baada ya meli ya MV Bukoba kuzama karibu na Mwanza, Mei 21, 1996, na kuua mamia ya watu. Mama alikuwa akiitaja meli hiyo kana kwamba alikuwemo. Kisha nikiwa darasa la tatu, mtoto wa mtaa wa pili alitumbukia kwenye shimo lililochimbwa moramu na kujaa maji ya mvua. Hakutoka akiwa hai. Tangu siku ile sheria ya nyumbani kwetu ikawa moja: ukionekana karibu na maji, fimbo.

Simlaumu mama. Alikuwa analinda watoto wake kwa kitu pekee alichokuwa nacho. Lakini nikitazama nyuma naona kitu kilichokosekana. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyetueleza tufanye nini tukitumbukia. Tulifundishwa kuogopa, basi.

Hofu siyo kinga

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2021 watu wapatao 300,000 duniani walikufa maji. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano, na zaidi ya watu tisa katika kila kumi waliokufa walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Jambo hili ni zito kiasi kwamba mwaka 2021 Umoja wa Mataifa uliitenga Julai 25 kila mwaka kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama.

Wengi tukisikia hivyo tunawaza ziwa, bahari na meli. Mtoto mdogo hahitaji ziwa. Anaweza kuzama kwenye maji yenye kina cha sentimita chache, yanayotosha kufunika pua na mdomo. Kwa mkoa mkavu kama wetu, ambako maji ya leo huwekwa akiba ya kesho, fikiria ndoo jikoni, beseni la kufulia, pipa chini ya mfereji wa bati, kisima kisicho na mfuniko na lambo la kunyweshea ng’ombe. Mtoto anayetambaa akiinamia ndoo, kichwa chake ni kizito kuliko nguvu ya mikono yake. Akitanguliza kichwa, hawezi kujitoa.

Kingine nilichokuwa sikijui ni kwamba anayezama mara nyingi hapigi kelele. Sinema zimetudanganya. Mdomo unapopanda juu ya maji kwa nukta moja, anautumia kuvuta hewa, siyo kuita. Mikono haipungi, inakandamiza maji ili mwili upande. Kwa hiyo mzazi anaweza kuwa mita tatu kutoka hapo, anasoma ujumbe kwenye simu, asisikie chochote.

Hofu nayo ina kazi yake katika hili. Mtu anayeogopa maji akitumbukia, moyo hukimbia na pumzi huwa fupifupi. Hewa kwenye mapafu ndiyo boya la mwili. Wengi wetu, mapafu yakiwa yamejaa na mwili umelegezwa, tunaelea. Lakini mwenye hofu hukaza misuli, huinua mikono na kichwa juu, na hutoa hewa yote kwa kelele. Anafanya kila kinachomzamisha. Yaani kile tulichodhani kinatulinda ndicho kinachotumaliza siku ya ajali.

Mtoto anasoma uso wako

Baada ya simu ya dada nilianza kutafuta maandiko kuhusu namna hofu inavyohama kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Nikakutana na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1985. Watafiti waliwaweka watoto wa mwaka mmoja juu ya meza yenye kioo imara. Chini ya kioo, upande mmoja ulionekana kama una shimo fupi. Mama alisimama ng’ambo.

Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walitambaa wakavuka. Alipoonyesha uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Mama hakuwa amesema neno. Kioo kilikuwa kilekile.

Nilisoma matokeo hayo nikakumbuka uso wa mpwa wangu pale ufukweni. Hakuwa ameiogopa bahari. Alikuwa ameniogopa mimi nilivyokuwa.

Kilichonipa moyo ni habari za wenzetu wa Unguja. Kule Nungwi, kaskazini mwa kisiwa, wasichana wengi walikua kando ya bahari bila kujua kuogelea, kwa sababu ya mila na kukosa mavazi ya heshima ya kuingilia majini. Mradi wa Panje uliwafundisha wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili wote, na ukawaandaa wanawake wa hapohapo kuwa walimu. Picha za wasichana hao wakielea, zilizopigwa na Anna Boyiazis, zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Nilizitazama kwa muda mrefu. Nilijiuliza kama binti aliyekatazwa maji maisha yake yote ameweza, mimi ninangoja nini?

Nilianza na beseni

Wataalamu wa afya ya akili wanatuambia kwamba hofu hustawi kwa kukwepwa. Kila unapokimbia, ubongo unapata uthibitisho kwamba kweli pale palikuwa na hatari. Dawa yake ni kukikaribia unachokiogopa kidogo kidogo, ukikaa hapo hadi moyo utulie, ndipo uongeze hatua. Kumtupa mtu majini “ajifunze mwenyewe” huongeza hofu, na kunaweza kuua.

Kwa hiyo nilianza nyumbani, na beseni la kufulia. Jioni nilikaa chini, nikavuta pumzi, nikaweka uso ndani ya maji na kutoa hewa taratibu kwa pua. Mara ya kwanza nilidumu sekunde mbili. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Siku ya nne mpwa wangu alinikuta. Alisimama mlangoni, akanitazama nikitoa mapovu, akauliza, “Unaongea na nani?”

“Naongea na maji. Njoo usikie wanavyojibu.”

Hakuja siku hiyo. Alikuja kesho yake.

Baada ya mwezi nilijiandikisha kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anafundisha kwenye bwawa dogo la hoteli hapa mjini. Nilimweleza ukweli wangu wote. Akaniambia, “Dada, leo huogelei. Leo unapumua tu.” Somo la kwanza zima nilishika ukingo wa bwawa, maji kifuani, nikiingiza uso na kuutoa. La pili nililala chali huku mkono wake ukiwa chini ya mgongo wangu. Katika somo la tano aliuondoa mkono bila kuniambia, na sikujua hadi nilipomwona amesimama pembeni amekunja mikono. Nililia pale pale. Miaka 28 nilikuwa nimeamini kwamba maji yananivuta chini, kumbe yalikuwa tayari kunibeba.

Ilinichukua miezi mitatu kuweza kuelea chali kwa dakika mbili, kugeuka na kufika ukingoni. Siyo mwogeleaji hodari. Ila nikitumbukia leo, najua cha kufanya.

Chini ya Mbudya

Desemba tulirudi Dar es Salaam, mimi, dada na mpwa wangu, kwa basi hadi Dodoma na kisha treni ya SGR. Safari hii tulikuwa na mpango. Tulipanda boti Kunduchi kwenda Mbudya, moja ya visiwa vya karibu na jiji ambavyo bahari yake imekuwa eneo tengefu tangu mwaka 1975. Dada alihakikisha kila mmoja amefungwa jaketi okozi kabla boti haijaondoka, na la mtoto likawa la ukubwa wake, siyo la mtu mzima lililokunjwa.

Nilikuwa nimekuja kufanya kile ambacho watalii huvuka bahari kukifanya na sisi wenyewe hatukijui: kuelea kifudifudi juu ya maji, miwani ya kuzamia usoni na mrija wa kupumulia mdomoni, ukitazama kilichopo chini.

Nitasema kweli. Dakika ya kwanza hofu yote ilirudi. Miwani hufunika pua, kwa hiyo ni lazima upumue kwa mdomo, na mwili hushtuka unapoambiwa uvute hewa huku uso uko majini. Nilisimama. Maji yalikuwa kifuani. Nikafanya nilichofanya kwenye beseni: kutoa hewa taratibu hadi iishe, kisha kuvuta. Mara kumi nikiwa nimesimama, uso ukiwa ndani. Moyo ukatulia. Nikainua miguu.

Maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko ya bwawa, na jaketi nilikuwa nalo, hivyo nilielea bila kufanya lolote. Chini yangu kulikuwa na matumbawe, na kiti cha pweza chekundu kimelala mchangani. Samaki wadogo wenye mistari walipita mbele ya miwani yangu bila kujali. Kisha nikasikia sauti ya kitu kinatafunwa, kama mtu anayevunja bisi kwa meno. Alikuwa pono, yule yule tunayemtaja kwa usingizi wake, anakwangua matumbawe kwa mdomo unaofanana na wa kasuku. Nilijisahau kabisa. Nilipoinua kichwa, muongozaji aliniambia zilikuwa zimepita dakika 20.

Ufukweni mpwa wangu alikuwa amesimama na mama yake, maji magotini. Alikuwa ananiangalia uso. Nilivua miwani na kumwonyesha kidole gumba. Akauliza swali lile lile, lakini safari hii kwa sauti nyingine: “Mama mdogo, kuna nini humo ndani?”

“Njoo nikuonyeshe.”

Alivaa miwani midogo, tukashikana mikono kwenye maji ya kina cha kiuno chake, akainamisha uso. Kupitia ule mrija nilimsikia anapiga kelele za furaha.

Siyo lazima kwenda Mbudya

Najua msomaji wa Mkalama au Manyoni atasema hizo ni starehe za wenye nauli. Kwangu bahari ilikuwa zawadi tu. Kilichobadilisha maisha yetu ni beseni na bwawa.

WHO inapendekeza watoto wenye umri wa miaka sita na kuendelea wafundishwe ujuzi wa msingi wa kuogelea na usalama wa majini, na wale wadogo zaidi wawe mahali salama chini ya mtu mzima wakati wazazi wako kazini. Bangladesh, nchi yenye madimbwi karibu kila kijiji, imefanya yote mawili: vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, na mafunzo ya kuogelea ndani ya madimbwi ya kijiji yaliyojengewa majukwaa ya mianzi. Hawakungoja mabwawa ya hoteli. Hapa kwetu, Kisiwa cha Chumbe karibu na mji wa Zanzibar kimepokea maelfu ya wanafunzi kuwafundisha kuhusu matumbawe, na wengi wao walitazama chini ya bahari kwa mara ya kwanza pale, wakiwa na maboya.

Ukitaka kuanza na wanao, haya ndiyo niliyojifunza:

Anza na nyumba. Funika kisima na pipa. Mwaga maji ya ndoo na beseni ukimaliza. Fukieni mashimo ya moramu mtaani, na mkishindwa, yazungushieni miiba.

Anza na wewe. Mtoto atakusoma uso. Kama unaogopa, mweleze kwamba unajifunza, na mjifunze pamoja.

Chagua maji. Malambo na mito inaweza kuwa na kichocho, na huwezi kuona chini kuna nini. Bwawa linalotunzwa au ufukwe wenye waokoaji ni bora. Baharini, uliza wenyeji kuhusu maji kujaa na kupwa.

Kaa umbali wa mkono. Mtoto asiyejua kuogelea asiwe mbali kuliko unavyoweza kumshika, hata akiwa na boya. Simu ibaki kwenye mkoba.

Usitumie mrija peke yako. Miwani iwe inakukaa sawasawa, na maji yakiingia kwenye mrija, yapulize kwa nguvu yatoke. Mwenye pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Pombe na maji havichanganywi.

Usijirushe kuokoa. Wengi hufa wakimfuata anayezama. Piga kelele, mtupie dumu tupu lililofungwa mfuniko au kamba, mnyooshee mti ukiwa umelala chini, na piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Akitolewa hapumui, msimning’inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Anahitaji hewa. Mpulizieni pumzi mdomoni kwanza, kisha mkandamizeni katikati ya kifua mara 30 kwa kila pumzi mbili, bila kuacha hadi msaada ufike. Hata akizinduka, afikishwe hospitali.

Jioni ya Singidani

Wiki mbili baada ya kurudi, nilimpeleka mpwa wangu Singidani jioni. Tulikaa juu ya jiwe. Ndege walikuwa wachache, upepo umetulia. Akaniuliza, “Leo tunaingia?”

Zamani ningemvuta mkono na kumwambia ziwa lina mwenyewe. Safari hii nilimwambia hapana, na nikamwambia kwa nini: hapa hakuna mwokoaji, tope la chini hatulijui, na jua linazama. Akafikiri kidogo.

“Kwa hiyo siyo kwamba linaua.”

“Linaweza kuua. Ndiyo maana tunajifunza.”

Alikubali. Akachukua kijiwe, akakirusha majini, na kuanza kuhesabu mapovu.